Viluwiluwi wa kwenye vinyungu (bustani za mabondeni): mbona wazima majini halafu wanakufa wakitoka?

Ndugu zangu wa Mufindi, Njombe na Mbeya mnaolima mabondeni, najua ukiona mfereji umejaa viluwiluwi unasema maji haya safi, hapa hakuna shida. Mimi nawaomba msubiri kwanza mpaka waote miguu.

Kuna fangasi anaitwa kitridi, anashambulia sehemu zenye keratini, ile protini ngumu ya kwenye kucha. Sasa kiluwiluwi keratini anayo mdomoni tu, kwenye vile vimeno vya kukwangulia mwani, kwahiyo fangasi anakaa hapo, anamdumaza kidogo lakini mara nyingi hamuui. Akianza kugeuka chura ndo balaa, maana ngozi yote inapata keratini na fangasi anatapakaa mwili mzima, na chura huyu anavuta maji na kurekebisha chumvi za mwili kwa ngozi hiyohiyo, ikiharibika chumvi za damu zinashuka mpaka moyo unasimama. Na fangasi huyu baridi yetu huku anaipenda, anastawi zaidi kwenye nyuzi joto 17 hadi 25.

Ugonjwa peke yake ungekuwa nafuu. Maji yakianza kukauka kiluwiluwi anapata msongo, homoni zinamsukuma ageuke haraka kabla hajakomaa, anatoka kadogo na kinga yake imeshuka. Ongeza na dawa ya magugu: zile za glaifosati, mara nyingi kinachomuumiza zaidi ni ile sabuni iliyochanganywa ili dawa ishike majani, inamharibu matamvua anayopumulia.

Chura wa Kihansi, kule Udzungwa mpakani mwa Iringa na Morogoro, yeye hana hata hatua ya kiluwiluwi, anazaa watoto kabisa, lakini hakupona. Maji ya maporomoko yalielekezwa kwenye umeme mwaka 2000, manyunyu yakapungua, wakafungiwa mabomba ya kunyunyiza, 2003 wakakadiriwa karibu 20,000 halafu ndani ya miezi tu wakaporomoka, na kitridi kikakutwa kwenye mizoga. Wataalamu bado wanabishana kama ni fangasi peke yake, mimi naona ni mambo yaliyorundikana. 2009 akatangazwa ametoweka porini, na waliorudishwa kuanzia 2012 ni uzao wa wale waliotunzwa Marekani.

Kwahiyo tafadhali bomba la dawa usioshee mferejini, ukimaliza kupiga dawa maji ya kusuuzia yanyunyizie shambani kulekule, na buti ukitoka bonde moja kwenda lingine toa tope lote uzianike juani zikauke kabisa, kitridi hakivumilii ukavu.