Uwajibikaji wa wakandarasi wa ajira: maana yake, na kwa nini mara nyingi hauonekani

Nchi kadhaa tajiri hazimwachii ofisa wa serikali peke yake kazi ya kumsaidia mtu asiye na ajira. Serikali hutangaza zabuni, kampuni binafsi ikashinda, kisha wanaopokea posho wakapelekwa huko kusaidiwa kuandika wasifu wa kazi, kujifunza stadi na kutafutiwa mwajiri. Uwajibikaji wa wakandarasi hawa ni ule ulazima wa kampuni kujibu pale huduma inapokuwa mbovu. Swali ni moja tu: inamjibu nani? Inaweza kumjibu mlipaji, yaani wizara, au inaweza kumjibu mtu aliyeketi mbele ya meza ya mshauri. Hizi ni njia mbili tofauti, na kwa miaka mingi ya kwanza imejengwa kwa zege huku ya pili ikiachwa kichaka.

Mfano ulio wazi zaidi ni Uingereza. Juni 2011 serikali ya huko ilianzisha Work Programme, mpango ulioendelea kupokea watu hadi mwaka 2017. Wakandarasi wakuu walikuwa 18, wakigawana mikataba 40, na kila mtu aliyepelekwa kwao alikaa mikononi mwao hadi miaka miwili. Waswahili waishio huko nao walipitia humo, kwa sababu kwenda haikuwa hiari: ukikosa miadi bila sababu iliyokubaliwa, posho ilikuwa hatarini.

Fedha zilipangwa kwa mtindo wa malipo kwa matokeo. Mwanzoni kampuni ilipewa ada ndogo kwa kumwandikisha mtu, kati ya pauni 400 na 600, na hata hiyo ilipangwa kupungua mwaka hadi mwaka mpaka iishe. Sehemu kubwa ililipwa pale mtu alipodumu kazini miezi sita, au mitatu kwa walio na vikwazo vikubwa, kisha kidogo kidogo kadiri alivyoendelea kubaki. Kwa mtu mmoja malipo yote yangeweza kufika pauni 3,810 kwa kundi rahisi na 13,720 kwa kundi gumu kuliko yote. Namna ya kumsaidia mtu iliachwa kwa kampuni yenyewe. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba asiyeleta matokeo halipwi, basi atajirekebisha mwenyewe.

Haikwenda hivyo. Februari 2013 Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, chini ya uenyekiti wa Margaret Hodge, ilieleza kuwa katika miezi 14 ya kwanza ni asilimia 3.6 tu ya waliopelekwa waliopata kazi ya kudumu, wakati wizara ya kazi na pensheni, iliyosimamia mpango, ilitarajia asilimia 11.9. Hakuna mkandarasi hata mmoja aliyefikia kiwango cha chini alichowekewa.

Kilichoniumiza zaidi ni yaliyowapata watu wenye shida kubwa. Anayelipwa kwa matokeo hupiga hesabu: huyu atapata kazi baada ya mwezi, yule ana ugonjwa wa mgongo na hajaajiriwa miaka minane. Wa kwanza anashughulikiwa, wa pili anapigiwa simu mara moja moja ili jina lake lisikauke kwenye orodha. Bei kubwa kwa kundi gumu iliwekwa ili kuzuia jambo hilo hasa. Lakini mwaka 2014 Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, ambayo kazi yake inafanana na ya CAG wetu, ilikuta wakandarasi wanapanga kutumia pauni 630 kwa kila mtu wa makundi magumu. Kwenye zabuni walikuwa wameandika 1,360. Mtu alitumika kushindia zabuni, kisha nusu ya alichoahidiwa ikayeyuka, naye hana habari.

Mkaguzi huyohuyo alionyesha pia kwamba kipimo cha utendaji kilichoandikwa mkatabani kilikuwa na kasoro, kiasi kwamba wizara ingelazimika kulipa bonasi za takriban pauni milioni 31 kwa mwaka 2014/15, hata kwa waliofanya vibaya. Fimbo ilikuwepo: mwaka 2014 wizara ilitangaza kuvunja mkataba mmoja, ule wa Newcastle College Group katika sehemu ya Yorkshire. Kati ya arobaini, huo mmoja.

Tena hesabu ya matokeo inaweza kughushiwa. Katika mkataba mwingine, uliotangulia Work Programme, wa kuwasaidia wazazi wanaolea peke yao, waliokuwa wafanyakazi wa kampuni ya A4e huko Slough walitengeneza nyaraka za uongo kuonyesha watu wamepata kazi ambazo hawakupata, ili malipo yadaiwe. Mwaka 2015 sita kati yao walifungwa jela. Fikiria mzazi ambaye kwenye faili ameajiriwa, na nyumbani bado anahesabu sarafu za umeme.

Ndiyo maana njia ya pili, ya kumjibu anayehudumiwa, haiwezi kufunikwa na ile ya kwanza. Msingi wake ni kiwango cha chini cha huduma kilichoandikwa. Katika Work Programme kila mkandarasi alijiandikia chake. Baadhi walitaja vitu vya kupimika, kama mara ngapi mshauri atawasiliana nawe. Wengine waliandika maneno mapana yasiyoshikika. Na ahadi isiyo na tarehe wala idadi haivunjiki, kwa hiyo huna cha kulalamikia. Restart, mpango ulioanza Julai 2021 kwa England na Wales, ulikuja na viwango vilivyowekwa na wizara, na hilo ni badiliko la maana.

Tuseme basi umeahidiwa kukutana na mshauri kila wiki mbili, na kwa miezi mitatu umepokea simu moja tu. Barua ya malalamiko yenye nguvu haisemi "nimedharauliwa", hata kama kweli umedharauliwa. Inasema: tarehe fulani niliahidiwa hiki, hati hii hapa, nilifika tarehe hii na hii, mshauri hakuwepo, naomba nipangiwe mshauri mwingine na nijibiwe kwa maandishi. Weka nakala. Kiingereza kikikukwamisha, Citizens Advice, shirika la hisani la ushauri kwa wananchi, husaidia bila malipo.

Barua huanza kwa kampuni yenyewe, nayo ina ngazi zake. Ukipata jibu lake la mwisho na hujaridhika, unakwenda kwa Independent Case Examiner, ofisi inayochunguza malalamiko dhidi ya wizara na wakandarasi wake, bila gharama kwako. Inaweza kupendekeza uombwe radhi au ulipwe fidia. Juu yake yuko msuluhishi wa Bunge, ambaye hufikiwa kupitia mbunge wa eneo lako.

Hapa wengi hupotea njia, kwa hiyo nitasisitiza: kukatwa posho si malalamiko ya huduma. Mkandarasi hutoa taarifa tu, uamuzi wa kukata ni wa wizara. Huo unaombewa mapitio wizarani, kisha unakatiwa rufaa mbele ya baraza huru. Ukituma suala la posho kwa mkandarasi, muda wa rufaa utapita huku unasubiri jibu la mtu asiye na mamlaka.

Kuna pia suala la taarifa. Sheria ya Uingereza ya uhuru wa kupata taarifa inaibana wizara, haiibani kampuni binafsi moja kwa moja, hivyo mkataba unauombea wizarani. Faili lako wewe ni jambo jingine: sheria ya ulinzi wa data inakupa haki ya kuliomba kwa kampuni yenyewe, nayo kwa kawaida inatakiwa kukupa ndani ya mwezi mmoja, bure. Liombe mapema, kabla ya kuandika barua. Humo ndimo utakuta kama mshauri ameandika "tulikutana" siku ambayo hamkukutana.

Na kama umeshamaliza mpango au umepata kazi, haki ya kulalamika haijaisha. Independent Case Examiner anachotaka ni umfikie ndani ya miezi sita tangu jibu la mwisho la kampuni.