Mwenzi wa umisionari: maana yake, na inavyotekelezwa siku kwa siku

Ukipanda ngazi za mawe za Mabatini jijini Mwanza, au ukisimama Buzuruga jioni watu wanapogombania daladala, ukiwaona wamisionari utawaona wawili. Shati jeupe, tai, suruali ya rangi nzito, beji nyeusi kifuani. Siku nyingine ni mabinti wawili wenye beji kama hiyo. Mmoja akiingia dukani kununua sabuni, mwenzake yuko hapo hapo mlangoni. Watu wengi wa Mwanza huuliza kwa nini wasigawane mitaa, mmoja Igogo na mwingine Mkuyuni, kazi iende haraka. Jibu lipo kwenye neno moja wanalolitumia kutwa nzima: mwenzi. Nyumba yao, ratiba yao, simu zao, hata wanavyokataa chai, vyote vimeshikiliwa na neno hilo.

Hawa ni wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao mitaani wamezoeleka kwa jina la Wamormoni. Tangu mwaka 2018 kanisa lenyewe limehimiza litajwe kwa jina lake kamili. Vijana wa kiume huruhusiwa kwenda kuanzia miaka 18 na hutumikia miezi 24. Wa kike hutumikia miezi 18. Hawalipwi mshahara. Hawachagui nchi ya kutumwa, na wakishafika hawachagui wa kukaa naye. Anayepanga nani akae na nani, na wapi, ni rais wa misheni, yaani kiongozi wa wamisionari wote wa eneo hilo.

Kwa hiyo mwenzi, kwa maana yao, ni mmisionari uliyepangiwa kuishi na kufanya kazi naye saa zote 24 mpaka uhamisho mwingine utoke. Si lazima awe rafiki yako, na wala hakuwekwa hapo akuchunge. Kanuni yenyewe ni fupi: uwe mahali unapoweza kumwona na kumsikia. Isipokuwa chooni na bafuni, na wakati wa mahojiano ya faragha, kwa mfano na rais wa misheni. Usiku wanalala chumba kimoja, kila mtu na kitanda chake na chandarua chake. Idadi ikiwa witiri, wanapangwa watatu, lakini hapangwi mtu peke yake.

Msingi wake ni maandiko. Katika Luka 10:1 Yesu anawatuma wale sabini wawili wawili. Mafundisho na Maagano, kitabu ambacho nacho ni andiko takatifu kwa waumini hawa, kina agizo la namna hiyo hiyo katika sehemu ya 42, lililotolewa Februari 1831. Ziko pia sababu za kawaida kabisa: ushahidi wa wawili una uzito kuliko wa mmoja, kijana aliye ugenini hapotelei gizani bila mtu kujua, na aliyechoka leo anabebwa na ambaye hajachoka.

Kabla ya kwenda mbali, neno lenyewe linahitaji uangalifu. Kwa Kiswahili cha mtaani, “mwenzi wangu” mara nyingi husikika kama mke au mume, na “mwenza” hivyo hivyo. Kijana akimtambulisha mwenzake kwa maneno hayo mbele ya kina mama, atazua maswali ambayo hakuyatarajia. Salama zaidi ni “mwenzangu”, au “tunafanya kazi pamoja”. Kwa anayejifunza lugha kuna mtego mwingine: mwenzi, mwezi, mwanzi na mwizi vinatofautiana kidogo sana masikioni mwake. “Huyu ni mwizi wangu” si sentensi ya kuitamka kwa sauti katikati ya soko la Kirumba Mwaloni. Ndiyo maana inafaa neno hilo lifundishwe wiki ya kwanza, kwa kulirudia taratibu, ule mvumo wa “nz” usikike.

Neno la pili ni “Mzee”. Kila mmisionari wa kiume huitwa hivyo, kisha jina la ukoo. Wa kike huitwa Dada. Mzee hapa ni ofisi ya ukuhani, haihusiani na mvi. Kwa Kiswahili inaleta ugumu wa pekee, maana kijana wa miaka 19 anaitwa Mzee mbele ya babu wa miaka 70. Anayelelewa vizuri na mwenzake anajifunza mapema kwamba beji inasema Mzee lakini mdomo unasema shikamoo. Anainama kidogo, anasubiri marahaba, anauliza habari za nyumbani, ndipo anakaribishwa kuketi. Kwa mtu mzima wa Kisukuma, “mwangaluka” ya asubuhi ikitoka kinywani mwa mgeni hufungua uso haraka kuliko utangulizi wowote wa dini.

Siku inaanza saa 12:30 asubuhi na taa zinazimwa kabla ya saa 4:30 usiku. Rais wa misheni anaweza kuisogeza ratiba kulingana na mazingira, lakini umbo ni hilo. Nusu saa ya kwanza ni mazoezi, na kwa anayekaa mlimani mazoezi hayahitaji vifaa: ngazi zinatosha. Kisha kuoga, kufungua kinywa, kusoma maandiko kila mtu kivyake, halafu kusoma pamoja. Kusoma pamoja ndiko watu wa nje hawakuoni, na ndiko siku nzima inakotegemea. Hapo wanataja kila familia watakayoitembelea, wanakubaliana watafundisha nini, nani ataanza, nani atasali, na nani atajibu swali gumu likiulizwa. Wanafanya zoezi, mmoja akiigiza mwenye nyumba. Anayejifunza Kiswahili huongeza saa ya lugha.

Kazi za nyumbani nazo ni za wawili. Palipo na mgao wa maji, ndoo na madumu vijazwe siku maji yanapotoka, hata ikiwa ni alfajiri. Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote au yachujwe, yapoe usiku kwenye chombo chenye mfuniko. Mashati meupe ni mtihani wa kila wiki: vumbi na jasho hukaa kwenye kola, na kola ikishakuwa ya kahawia hairudi. Iloweke usiku kucha, isugue kwa sabuni ya kipande kabla ya shati zima, kisha suuza mara mbili. Mashati matatu hayatoshi, maana wakati wa masika hayakauki kwa siku moja.

Wakishatoka, kila kitu kinafuata ile kanuni ya kuonana na kusikiana. Kwenye daladala mmoja asikae nyuma na mwingine akaning'inia mlangoni; ikijaa, wanasubiri nyingine. Kwenye njia za mawe mwenye miguu mirefu anaenda kwa mwendo wa mwenzake, hasa mvua ikinyesha, kwa sababu mwamba uliolowa huteleza kama sahani yenye mafuta na viatu vya ngozi havishiki. Nyumbani kwa mtu, anayesema anasema na asiyesema anatazama: mama ameelewa? Mtoto analia? Mzee wa nyumba amekunja uso kwa neno gani? Wenzi wazuri hupokezana bila kukatizana, na hilo huchukua wiki kadhaa. Wenzi wabaya utawajua haraka. Mmoja anahutubia dakika arobaini, mwingine anahesabu mabati.

Wakikuta mama yuko peke yake nyumbani, wavulana hawaingii ndani. Watasalimia kutoka nje na kupanga kurudi wakati ambapo kuna mtu mzima mwingine. Wengine hulichukulia hilo kama dharau, sivyo. Ni ulinzi wa heshima ya mama kwa majirani kama ulivyo ulinzi wao, na mwenzi aliyezaliwa hapa akimweleza mama kwa upole hueleweka mara moja.

Halafu chai. Kanda ya Ziwa mgeni hapewi maneno matupu, na hawa hawanywi majani ya chai wala kahawa, wala pombe, wala hawavuti tumbaku. Katazo hilo linaitwa Neno la Hekima na ni la tangu 1833. Kinachoharibu ni kuchelewa kusema. Chai ikishamiminwa kikombeni na sukari ikishakorogwa, kukataa ni kumwaibisha mwenyeji. Kwa hiyo yule mwenye lugha nyepesi anasema mapema, akisikia tu jiko linawashwa: “Mama, majani ya chai hatunywi, lakini uji, maji au mchaichai mtupu tunapokea kwa furaha.” Matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga wanakula, na ugali na sato wanakula kama mtu yeyote. Mgeni kutoka Marekani ambaye hajawahi kukutana na kichwa cha samaki atamtazama mwenzake anakianzia wapi, na atajifunza kwamba kukiacha kichwa sahanini ni kuacha sehemu tamu.

Ziwa lenyewe wanaliangalia tu. Kuogelea hakuruhusiwi kwa mmisionari popote duniani, hata siku ya mapumziko. Ufukweni mwa Victoria katazo hilo lina faida ya ziada: kichocho kipo, na vimelea vyake huingia kupitia ngozi ya mtu aliyesimama majini penye konokono, hata maji yakiwa ya magoti tu.

Mambo hukwama wapi? Kwanza ugonjwa. Mmoja akishikwa na malaria, wote wawili wako nyumbani. Aliye mzima atapika uji, atahesabu vidonge na kusimamia maji, lakini hawezi kutoka peke yake kwenda kwenye miadi. Hapo hupigwa simu kwa jozi ya jirani ili wabadilishane kwa siku: mmoja anabaki na mgonjwa, mwingine anakwenda na mzima. Mabadilishano ya namna hii hufanywa pia bila ugonjwa, ili kijana aone mwingine anavyofanya kazi.

Pili ni vitu vidogo. Vyombo visivyooshwa. Kengele ya simu inayozimwa mara tatu. Mluzi wakati wa kusoma. Kwa watu wanaoweza kuachana jioni haya ni madogo, lakini hawa hawaachani. Ndiyo sababu kuna kikao cha wawili kila wiki: wanaanza kwa sala, wanasema kinachokwenda vizuri, wanasema kinachowakwaza, wanaweka malengo ya wiki. Kikao hiki hufeli kwa namna moja inayojirudia wenzi wanapotoka nchi tofauti. Kijana aliyelelewa huku, akiulizwa kama kuna tatizo, atajibu “hamna shida”, kwa adabu, hasa kama mwenzake ni mkubwa kwake au ndiye mkufunzi wake. Mgeni analichukua jibu lilivyo na kuandika kwamba hakuna tatizo. Wiki ya nne linapasuka jambo la wiki ya kwanza. Dawa ni kuuliza kitu mahususi: “Jana nilipokukatiza kwa baba yule, ulijisikiaje?” Swali hilo halijibiki kwa “hamna shida”.

Tatu ni upweke, na hapa watu hushangaa: mtu asiyekuwa peke yake hata dakika tano anawezaje kuwa mpweke? Anaweza sana. Anayemsikia akijigeuza usiku ni mtu aliyemfahamu wiki mbili zilizopita, na lugha ya ndani kabisa, ile ya mama yake, hana wa kuisema naye. Mwenzi mwenye moyo hulijua hilo bila kuambiwa. Humwuliza habari za nyumbani kwao, majina ya wadogo zake, chakula cha sikukuu, na humwachia kimya chake anapokihitaji, akiwa hapo hapo chumbani.

Mara moja kwa wiki, mara nyingi Jumatatu, kuna siku ya matayarisho: kufua, sokoni, kunyoa, kuandika barua pepe, na kuongea na familia. Tangu Februari 2019 wanaruhusiwa kupiga simu au video nyumbani kila wiki. Kabla ya hapo ilikuwa mara mbili tu kwa mwaka. Saa zinahitaji hesabu. Saa 10 jioni ya Mwanza ni saa 1 asubuhi Utah, na wakati wa majira yao ya baridi ni saa 12 asubuhi. Mwenzi yuko chumba hicho hicho wakati wa simu, kwa hiyo baada ya wiki chache kila mama anamjua mtoto wa mwenzake kwa jina na humsalimia kabla ya kumsalimia wake.

Uhamisho hutangazwa kila baada ya wiki sita. Haina maana kwamba wenzi hutenganishwa kila mara. Mmisionari mpya kwa kawaida hukaa na mkufunzi wake wiki 12, yaani vipindi viwili. Taarifa ikitoka, anayeondoka ana siku chache za kuaga familia alizozifundisha na kufunga sanduku. Anayebaki huachiwa njia za mitaa kichwani: nyumba ipi ina mbwa, bibi yupi husikia kwa sikio la kushoto. Siku yenyewe anasindikizwa stendi, Nyegezi au Nyamhongolo kulingana na anakoelekea. Basi likishaondoka anayebaki harudi nyumbani peke yake, hata kama mwenzi mpya atafika baada ya saa moja. Amekuja na jozi nyingine, na atakaa nao hapo stendi kwenye benchi, watatu, wakisubiri basi linaloingia.