Je, wajua kwa nini mfungaji hodari wa mpira wa pete hukazia macho sehemu moja tu?

Mfungaji wa mpira wa pete ana sekunde 3. Akishaudaka mpira ndani ya nusu duara, sheria haimpi zaidi ya hapo, na mlinzi amesimama karibu mbele yake, mkono juu, vidole vikicheza mbele ya uso wake. Pete iko mita 3.05 kutoka ardhini, tena haina ubao nyuma wa kuurudisha mpira kama ilivyo kwenye kikapu.

Siku nyingine usitazame mikono yake, tazama macho. Anayejifunza, macho yake hurukaruka: pete, mkono wa mlinzi, pete tena, mpira, mwenzake anayeita pembeni. Aliyebobea huyatua mahali pamoja, tuseme ukingo wa nyuma wa pete, na hayabanduki hapo mpaka mikono imekwisha kuanza kupanda.

Sababu iko kwenye jicho lenyewe. Nyoosha mkono mbele yako, uangalie ukucha wa kidole gumba. Eneo la upana huo ndilo unaloliona kwa undani kamili. Kwingine kote huonekana kwa ukungu, ila ubongo hukuficha hilo. Halafu kila jicho linaporuka kutoka hapa kwenda pale, ubongo hupunguza sana picha kwa kitambo kifupi ili dunia isionekane ikitikisika. Kwa hiyo mfungaji anayehamisha macho mara tano ndani ya sekunde 3 amepoteza muda mara tano, na kila akirudi kwenye pete huanza kuipima upya.

Aliyelichimbua jambo hili ni mwanamke, Joan Vickers wa Chuo Kikuu cha Calgary nchini Kanada, na aliwachunguza wanawake. Utafiti wake wa mwaka 1996 ulihusu wachezaji wa kikapu wa kiwango cha juu, waliovalishwa kifaa cha kufuatilia macho huku wakirusha mipira ya adhabu. Waliofunga zaidi walikuwa wameyatuliza macho yao kwenye pete kwa karibu sekunde nzima kabla ya kurusha. Akaiita hali hiyo jicho tulivu. Mwaka 2001 yeye na mwenzake wakachapisha matokeo ya kuifundisha timu ya wanawake ya chuo kikuu: baada ya misimu miwili, ufungaji wao wa mipira ya adhabu ulikuwa umepanda kwa zaidi ya asilimia 20. Wasichana wetu wanastahili kufundishwa hili tangu shule ya msingi, maana halihitaji fedha.

Lakini je, macho ya wanawake na wanaume yanatofautiana? Kwa mambo kadhaa, ndiyo. Kushindwa kutofautisha nyekundu na kijani huwapata takriban wanaume 8 kati ya 100 wenye asili ya Ulaya Kaskazini, na wanawake wasiofika hata 1, kwa kuwa jeni zake zimo kwenye kromosomu X, mojawapo ya nyuzi za urithi ndani ya chembe za mwili, ambayo mwanamke anazo mbili na mwanamume moja tu; kwa mwanamke, moja ikiwa na kasoro, ya pili huifidia. Upande wa mwendo, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018 ulionyesha kwamba wanaume, kwa wastani, hutambua haraka zaidi mistari ya kwenye skrini inaelekea wapi.

Wapo wanaolichukua hilo na kusema wasichana hawana jicho la mpira. Wanakosea, na inaniuma kusikia kocha akilirudia mbele ya wachezaji wake. Mpira unaokuja kasi haufuatwi kwa jicho mwanzo hadi mwisho, awe mwanamume au mwanamke. Anayecheza vizuri husoma bega, kiwiko na kiganja cha anayerusha, kisha macho yanatangulia kule mpira utakakofika. Mwaka 2004 huko California, Jennie Finch, mrushaji wa softiboli, mchezo unaofanana na besiboli ambamo mmoja hurusha mpira na mwingine huupiga kwa gongo, aliwarushia mpira mabingwa wa besiboli waupige, akiwemo Albert Pujols. Pujols alishindwa kuupiga. Macho yake hayakuwa na kasoro yoyote. Yalikuwa yamezoea mikono inayorusha kutoka juu ya bega, naye Finch alirusha kutoka chini ya kiuno. Yale aliyojifunza kwa miaka yote hayakuwa na kazi pale.

Basi kocha, chukua chaki. Andika namba kubwa nne kuzunguka mpira, mpasie mchezaji wako, atamke namba aliyoiona kabla mpira haujagusa viganja. Siku za mwanzo atakisia tu. Akizoea, ongeza mtu wa tatu anayekimbia pembeni, na mchezaji wako ataje pia mtu huyo alikoelekea. Kwa mfungaji, mpe maneno ya kusema kimoyomoyo, kwa mfano "ukingo, tulia, rusha", na umsimamishie mlinzi wa kumpungia mkono usoni tangu siku ya kwanza, kwani jicho lililotulia pasipo mlinzi halijajaribiwa.

Ila kabla ya yote hayo mwangalie yule anayedaka pasi zote za karibu lakini za mbali zinamponyoka, hasa jioni jua likishuka, na anayekunja macho kusoma ubao wa matokeo. Huyo mpeleke kwanza kwa daktari wa macho; mazoezi atayakuta.