Je, wajua? Muwasho wa kinena mara nyingi huanzia miguuni

Mtu akianza kuwashwa kwenye mkunjo kati ya paja na sehemu za siri, hofu ya kwanza huwa ni zinaa. Mwenye ndoa huanza kujiuliza nani kamletea nani, na wengi hunyamaza wiki kadhaa kwa aibu. Hofu hiyo mara nyingi haina msingi. Choa cha kinena ni fangasi wa ngozi, kwa kawaida Trichophyton rubrum, yuleyule anayechubua ngozi katikati ya vidole vya miguu. Ukivaa chupi, mguu wenye fangasi hupita ndani yake na kuacha vimelea vinavyofika mapajani. Anaweza kuambukizwa ngozi kwa ngozi, hata wakati wa kujamiiana, lakini taulo la kuchangia linatosha, na asiyewahi kufanya ngono humpata vilevile.

Mbona hutoka duara? Fangasi huyu hula keratini, protini ya tabaka la juu la ngozi. Mfano wake ni moto wa nyika: katikati nyasi zimekwisha kuungua na kumetulia, moto uko ukingoni. Ndiyo maana ukingo wa choa huwa mwekundu au mweusi zaidi, umeinuka, una magamba, na katikati panaelekea kupona. Ule wekundu na muwasho ni mwili unaopambana, kama wanakijiji waliotoka na matawi kuupiga moto. Ukipaka krimu yenye steroidi, dawa ya kutuliza wekundu na muwasho isiyoua fangasi, kama betamethasoni au klobetasoli, umewarudisha wanakijiji nyumbani. Kelele hutulia siku mbili tatu, moto unaendelea kutambaa, na ukiacha krimu muwasho hurudi kwenye eneo kubwa kuliko mwanzo.

Dawa inayofaa ni ya kuua fangasi. Osha, kausha mkunjo mpaka ukauke kabisa, kisha paka ukizidisha sentimita 2 nje ya ukingo, kwani fangasi huwa ameshatangulia mbele ya alama unayoiona. Klotrimazoli hupakwa mara 2 kwa siku kwa wiki 2 hadi 4. Tabinafini ya asilimia 1, mara 1 au 2 kwa siku kwa wiki 1 hadi 2. Kosa kubwa ni kuacha siku muwasho unapoisha. Tibu miguu wakati huohuo, na vaa soksi kabla ya chupi.

Kwa wanaume, choa kwa kawaida hakigusi korodani. Korodani zikiwa nyekundu, na vipele vidogo vimetawanyika pembeni, huenda ni kandida, fangasi wa aina nyingine, na hapo tabinafini ya kupaka haisaidii sana. Choa kikijirudia mara kwa mara, pima sukari.

Kidonda, malengelenge, usaha au maumivu ya kukojoa kwa kawaida si dalili za choa. Hizo zinahitaji vipimo vya magonjwa ya zinaa, hata kama kidonda hakiumi, kwa sababu kidonda cha kaswende kwa kawaida hakiumi.