Kabla hujafuma kofia 20 za msaada, uliza kwanza

Nafuma kwa sindano mbili na kwa krosheti, yaani ndoano moja, miaka mingi sasa, kufundisha pia nafundisha, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: mwalimu, nimeshajua kufuma, nyumbani kila mtu ana sweta na kofia zimejaa kabatini, sasa nifume nini cha kuwasaidia watu? Jibu langu ni moja tu. Weka sindano chini kwanza, ukaulize.

Hilo nililijifunza kwa uchungu. Kofia zangu za kwanza za watoto njiti nilizipeleka wodini na furaha yote, uzi wa sufu wenye manyoya marefu, kila kofia ina kishada juu na kifungo cha kupendeza pembeni. Muuguzi alizipokea kwa heshima kabisa alafu akanivutia kiti akaniambia, "Mama, pole, hizi hatutaweza kuwavalisha." Manyoya yananyofoka yanaingia puani na mdomoni, kifungo kikilegea mtoto anaweza kukabwa nacho, na kubwa kuliko yote ni saizi. Mtoto aliyetimiza miezi yake kichwa chake kina mzunguko wa sentimita 34 au 35 hivi na mimi nilifuma nikimwazia huyo, kumbe mtoto wa kilo 1 kichwa chake ni kama sentimita 25 tu, kofia yangu ilikuwa inamfika mdomoni. Nilirudi nyumbani nawaza usiku wote ule niliokesha, na watoto bado hawana kofia.

Na kofia kwa mtoto njiti sio pambo jamani. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 ana ngozi nyembamba, mafuta ya kumtunzia joto ni kidogo sana, na kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, kwa hiyo joto linampotea haraka mno. Hata kwenye ile huduma ya kangaruu, mama anapombeba mwanae kifuani ngozi kwa ngozi, mtoto anakuwa amevaa nepi, soksi na kofia, basi. Kwa hiyo ukimfumia kofia umemfumia moja kati ya nguo zake tatu, ifume kwa uzito huo.

Sasa ninavyozifuma siku hizi. Uzi ni pamba laini au akriliki, uzi wa kiwandani, ile laini ya watoto, niupitishe kwanza shingoni mwangu, ukinikwaruza mimi naurudisha. Chini naanza na vitanzi viwili mbele viwili nyuma ili ivutike, na kofia yenyewe naiacha iwe pungufu ya kichwa kwa sentimita 2 au 3 kwa sababu ufumaji unavutika, ukiifuma sawasawa na kichwa itavuka tu. Mafundo ndani hakuna, ncha za uzi nazificha kwa kupita upande mmoja, nageuza, napita tena, nageuza mara ya tatu, maana ncha iliyopitishwa mara moja itachomoka ikifuliwa na uzi uliochomoka unaweza kuzunguka kidole cha mtoto ukakibana mpaka damu isifike. Nikimaliza nafua kwa sabuni isiyo na manukato, nakausha, nafunga kwenye mfuko safi.

Aina ya uzi watu huwa wanaipuuza ila kiukweli ndiyo inayoamua kama kitu chako kitatumika au kitakaa stoo. Sufu inatunza joto hata ikipata unyevu na haishiki moto kirahisi, ila ukiitia kwenye maji ya moto na kuisugua inajikunja inakuwa ngumu kama zulia. Akriliki inavumilia kufuliwa ovyo ovyo, ila ikiguswa na moto inayeyuka na kugandia kwenye ngozi. Pamba haikwaruzi na inafulika, ila ikilowa ni nzito na inachelewa kukauka. Kwa hiyo ukiwafumia blanketi watu wanaofua kila kitu pamoja kwenye mashine ya maji moto, la sufu hilo litaharibika siku ya kwanza, wape la akriliki. Mtu anayelala karibu na moto wa kuni usimpe akriliki. Na aliyepoteza nywele kwa dawa za saratani kichwa chake kinauma hata kwa mto, huyo mpe kofia ya pamba, mshono wa juu uwe bapa, na isiwe na matundu matundu, maana anataka kufunikwa asionekane kichwa.

Kuna pia matiti ya kufuma, kwa ajili ya wanawake waliokatwa titi kwa saratani. Watu wengi hawayajui kabisa. Ni pamba laini imefumwa kwa mviringo na kujazwa poliesta nyepesi, linakaa ndani ya sidiria, ni jepesi na mvaaji anaweza kupunguza au kuongeza ujazo mpaka pande zote zilingane. Sufu haifai hata kidogo pale, inawasha na kovu bado ni laini. Kazi ndogo, jioni mbili umemaliza, na mimi naipenda kuliko zote.

Alafu wale pweza wadogo wa krosheti, wanasesere mnaowaona kila mahali, walianzia Denmark mwaka 2013, wazo ni kwamba mtoto njiti akishika ile mikono anatulia na haivuti mirija yake. Wanaowafuma kwa utaratibu wana masharti makali: pamba asilimia 100, ujazo unaovumilia kufuliwa kwa nyuzi joto 60, na mkono ukivutwa usizidi sentimita 22 usije ukamzunguka mtoto. Na hata ukitimiza yote hayo kuna wodi hazipokei kitu chochote laini ndani ya kitanda cha mtoto, na wana sababu zao nzuri. Unaona sasa kwa nini nasema uliza?

Kwenye kufundisha, mwanafunzi wangu wa kwanza simpi skafu, skafu ni ndefu anakata tamaa katikati. Nampa kipande kimoja cha blanketi. Marekani kuna mama mmoja, Evie Rosen wa Wisconsin, mwaka 1991 alianzisha Warm Up America kwa wazo hilo hilo, kila mtu afume kipande kidogo cha inchi 7 kwa 9, yaani kama sentimita 18 kwa 23, vipande 49 vikiunganishwa ni blanketi zima. Mimi natumia vipimo hivyo hivyo mpaka leo, saba kwa saba, inatoka kama sentimita 126 kwa 161, mtu mzima anajifunika. Uzuri wake ni kwamba anayejifunza leo kazi yake inaingia kwenye kitu cha kweli leo leo.

Naanza na krosheti kwa sababu kitanzi kilicho wazi ni kimoja tu, kikichomoka unakirudisha, kwenye sindano mbili vitanzi vyote viko wazi na kimoja kikianguka kinashuka mpaka chini na mtu anaogopa. Uzi uwe mnene na wa rangi nyepesi, mweusi hata mimi sioni vitanzi vyake, ndoano ya milimita 5. Anayetumia mkono wa kushoto namkalisha mbele yangu tutazamane, ananifuata kama anajitazama kwenye kioo. Na kazi ya mwanafunzi siishiki kamwe, nina uzi wangu pembeni, namwonyesha kwenye wangu yeye anafanya kwenye wake, maana ukimnyang'anya ukamrekebishia macho yake yatajua ila mkono hautajua.

Kosa la karibu kila mtu ni kuruka kitanzi cha mwisho cha mstari, kipande kinaanza kusinyaa taratibu kinakuwa kama pembetatu. Nawaambia wahesabu kila mstari kwa sauti.

Wapo wanaosema kufundisha sio msaada, msaada ni kutoa. Sikubaliani nao kabisa. Ireland wakati wa ile njaa kubwa ya viazi, mwaka 1847, mke wa mchungaji pale Clones, Cassandra Hand, alileta mwalimu wa krosheti awafundishe wanawake, nao wakafundishana wao kwa wao, lesi zao zikauzwa na familia zikapata chochote, na lesi ya Clones inafumwa mpaka leo.

Mwezi uliopita mama mmoja mtu mzima, vidole vimeshakuwa vigumu, nilimfungia ndoano yake kitambaa iwe nene aishike vizuri, alimaliza kipande chake cha kwanza kimesinyaa upande mmoja akaniomba nikifumue. Nikamwambia hapana mama. Nilikizungushia mistari miwili ya krosheti upande ule uliopungua kikafika sentimita 18, akakishona mwenyewe kwenye blanketi. Ni kile cha bluu, mstari wa tatu kutoka juu.