Namba 384 si amri

Wanafunzi wengi wa udaktari hapa Moshi huamini kwamba utafiti usiofikisha washiriki 384 haupiti. Namba hiyo ni jibu la fomula moja tu, ya kupima tatizo limeenea kiasi gani: umekadiria tatizo lipo kwa 50% ya watu, umeruhusu jibu likosee kwa 5% juu au chini, kwa uhakika wa 95%. Badilisha makadirio, jibu nalo hubadilika. Tatizo likiwa karibu 20%, unahitaji 246. Na kama kundi zima unalolichunguza lina wagonjwa 300, ukirekebisha kwa udogo wake 384 hushuka hadi 169. (Wa 301 ungemtoa wapi?) Ukilinganisha makundi mawili, fomula hii si yako kabisa.

Anzia kwenye rejista ya wagonjwa, si kwenye kikokotoo. Kliniki ya mara moja kwa wiki inayopokea wagonjwa wapya wanane itakupa 80 kwa wiki 10, kabla hujawatoa wanaokataa. Ukitumia mafaili, pata kwanza kibali cha kamati ya maadili, kisha jaribu 20. Kipimo unachokitegemea kikikosekana kwenye manane kati ya hayo 20, badilisha swali la utafiti mapema. Kuongeza mafaili hakuzibi pengo hilo.