Walimu Kenya wanapogoma: dhana potofu na ukweli wake

"Walimu ni watu wa tamaa. Hawalipwi wakatosheka."

Mgogoro wa mishahara Kenya mara nyingi hauhusu nyongeza mpya, bali deni la zamani. Oktoba 1997, uchaguzi ukiwa mlangoni, serikali ya Moi ilikubali kuwaongeza walimu mishahara kwa kati ya asilimia 150 na 200, nyongeza ilipwe kwa awamu. Awamu ya kwanza ililipwa. Uchaguzi ukapita, kisha ikasemwa kwamba pesa hakuna, na mwaka uliofuata walimu wakarudi barabarani. Makubaliano hayo yalichapishwa kama Tangazo la Kisheria nambari 534, na mwaka 2013 KNUT, chama cha kitaifa cha walimu, ilikuwa bado inagoma kudai marupurupu yaliyotajwa humo. Aliyekuwa darasa la kwanza mkataba ukitiwa saini alikuwa ameshamaliza sekondari.

Mahakama nazo hazikuwapa walimu ushindi kila mara. Mwaka 2015 Mahakama ya Ajira iliwapa nyongeza ya asilimia 50 hadi 60, wakagoma wiki tano kwa kutolipwa, na Novemba Mahakama ya Rufaa ikaifutilia mbali.

"Mgomo wa walimu ni haramu."

Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya kugoma, na mwalimu ni mfanyakazi. Jaji anaweza kuusimamisha mgomo fulani, na majaji wamefanya hivyo mara kadhaa, lakini haki yenyewe haifutiki.

"Vyama vinapiga vita shule za kibinafsi kwa wivu."

Hapa ndipo maneno yanapopotoshwa zaidi. Hakuna chama kilichodai kila akademia ifungwe. Isitoshe, walimu wengi wa shule za umma wanasomesha watoto wao huko huko, na si siri. Vita vikubwa vilihusu Bridge, kampuni iliyofungua shule yake ya kwanza Mukuru, Nairobi, mwaka 2009, ikiwa na wawekezaji wa kimataifa. Mwalimu wa Bridge alishika kishikwambi akawasomea wanafunzi somo lililoandikwa na watu wengine, hatua kwa hatua, hadi wakati wa kufuta ubao. Wengi wa walimu hao hawakuwa na cheti cha ualimu, ilhali sheria ya 2012 ya TSC, tume inayosajili na kuajiri walimu, inataka mwalimu asajiliwe, awe wa shule ya umma au ya kibinafsi.

Desemba 2016 KNUT na shirikisho la kimataifa la vyama vya walimu, Education International, walitoa ripoti kali kuhusu shule hizo, na kampuni ikakimbilia mahakamani. Uganda ilikuwa imeshaamuru shule za Bridge nchini humo zifungwe. Mwaka 2022 tawi la Benki ya Dunia linalowekeza katika sekta ya kibinafsi, IFC, liliuza hisa zake katika kampuni hiyo.

Kwa haki, utafiti wa mwaka huohuo ulioshirikisha mwanauchumi Michael Kremer ulionyesha kwamba wanafunzi wa Bridge walijifunza zaidi ya wenzao. Mzazi wa Mukuru naye hakuwa mjinga: shule ya umma ilikuwa mbali au imefurika. Lakini hiyo ni hoja ya kuitaka serikali ijenge shule na kuajiri walimu, na ndilo ombi la vyama miaka yote.

"Vyama vya walimu vina nguvu kuliko serikali."

Iulizeni KNUT. Ilianzishwa 1957 na kwa miaka mingi viongozi wake walitikisa nchi. Mwaka 2019, katika mvutano kuhusu miongozo ya kupandishwa vyeo, TSC iliwanyima wanachama wa KNUT nyongeza ambayo wenzao waliipata. Walimu wakaangalia payslip zao, wakahama kwa makumi ya maelfu, na ada za chama zikakauka. Juni 2021 katibu mkuu Wilson Sossion akang'atuka.

"Uanagenzi ni njia nzuri ya kumpa mwalimu mgeni uzoefu."

Walimu wa JSS (sekondari ya chini) waliokuwa wanagenzi walikuwa na vyeti na nambari za TSC, wakafundisha ratiba kamili kwa takriban Sh17,000 kwa mwezi. Aprili 2024 mahakama iliamua kwamba utaratibu huo ni kinyume cha sheria. Wakagoma, na Januari 2025 walimu 46,000 wakapata ajira ya kudumu. Mwezi huohuo TSC ilichukua wanagenzi wengine 20,000.